Breki ya Mkono ya Bi Kiburi

Jumatatu, 3 Machi

Masika yameanza leo, na breki ya mkono imekaza siku hiyohiyo. Nayaandika hapa kwa sababu mke wangu amesema nikimsimulia tena habari za breki atahamishia kitanda chake kwenye chumba cha cherehani. Basi nitaisimulia karatasi, ambayo haina pa kuhamia.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Nusu ya madereva wa mji huu wamepita mikononi mwangu, na ile nusu nyingine ukiwatazama barabarani utajua hawakupita. Gari langu la kufundishia linaitwa Bi Kiburi, maana haliwaki mpaka libembelezwe. Mlango wake wa nyuma hufunguka kwa ndani tu, na redio hujiwasha yenyewe kila tukikata kona ya kushoto. Shule kubwa za udereva zina magari yenye pedali za mwanafunzi na pedali za mwalimu. Bi Kiburi hana anasa hiyo. Mimi nikikaa kando ya mwanafunzi silaha yangu ni moja tu, breki ya mkono iliyo katikati yetu.

Ndiyo maana mimi humwambia kila mwanafunzi siku ya kwanza: miguu ni yako, usukani ni wako, breki ya mkono ni yangu. Haiguswi. Siku nikimwambia, "Haya, vuta wewe," ajue amehitimu. Wapo watu wazima na ndevu zao waliolia siku hiyo.

Leo nilikuwa na Mkunga wa zahanati. Wamepewa gari la wagonjwa, jipya kabisa, na limefunikwa turubai kwa kukosa dereva. Mkunga ameahidiwa funguo akipata leseni, na mtihani ni masika yakiisha. Mpaka hapo akina mama wataendelea kuletwa zahanati kwa chochote chenye magurudumu. Tulipofika njia panda akachelewa kukanyaga, nikavuta breki yangu kama kawaida. Ikaja kwa uzito, ikilalamika, na gari likasimama mbele kidogo ya pale nilipotaka. Mimi nilisema gari limezeeka.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempelekea gari Fundi Polepole. Jina hilo alipewa na wateja, na hakuna aliyewahi kumshtaki kwa kashfa. Alikuwa amelala chini ya lori, miguu nje, akaongea na mimi kwa miguu.

"Uza, bwana."

"Nimekuja kutengeneza."

"Gari hili limeshakula spea za magari matatu. Uza upumzike."

"Handbreki tu, Fundi."

"Lazima ufungue ndani yote. Kava ya katikati, viti, kapeti. Mimi nina kazi mpaka mvua ikatike."

Nikamwambia nitafungua mwenyewe. Ile miguu ikacheka.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua kutwa. Bi Kiburi kakataa kuwaka. Tumenuniana.

Jumamosi, 8 Machi

Nimelisukuma gari chini ya bati la ubavuni mwa nyumba na kuanza kazi. Nasema hivi kwa mtu yeyote atakayefungua kava za ndani za gari: skrubu unayoiona si hiyo inayoshikilia. Inayoshikilia imefichwa chini ya kifuniko kidogo, na kifuniko hicho kimefichwa chini ya kisahani cha majivu, na kisahani hakitoki mpaka utoe kile ulichokuwa unajaribu kutoa. Aliyelitengeneza alikuwa na ugomvi na mtu.

Mahali pasipo na skrubu pana klipu za plastiki. Nilizing'oa kwa bisibisi, zikawa zinakatika moja baada ya nyingine. Mke wangu alikuwa dirishani anashona, akasikia ile milio, akatoka na kile kibao chake bapa cha kulalishia mishono.

"Unavunja nini huko?"

"Sivunji, nafungua."

"Hebu sogea." Akaingiza kibao kwenye ufa, akakizungusha taratibu, klipu ikatoka nzima. "Nguo ukitaka kuifumua huivuti. Unatafuta mahali ilipoanzia."

Nilimwambia hii si nguo. Alifungua ubavu mzima wa kava bila kuvunja kitu, akarudi kwenye cherehani yake. Ule wangu una klipu zilizovunjika kote, lakini hautaonekana kwa kuwa uko upande wa kiti.

Jumapili, 9 Machi

Chini ya kava ya katikati nimekuta historia ya kazi yangu. Mtu akiogopa hushika chochote kilicho karibu, na kile alichokuwa nacho mkononi humponyoka na kutumbukia pembeni mwa kiti. Kuna hereni ya dhahabu, kipande cha miwani, penseli zilizotafunwa, shanga, kiatu cha mwanasesere na pete ya ndoa ya mtu ambaye sasa najua kwa nini aliacha masomo ghafla. Vyote vimejaa vumbi na mafuta.

Hereni niliitambua. Ni ya msusi wa kule kona, aliyenipigia kelele masikioni wiki tatu nzima na leo anaendesha basi la wanafunzi. Alikuja mwenyewe kuichukua.

"Ilikuwa siku ya mlimani," akasema. "Gari linarudi nyuma, nimeachia kila kitu, nimefumba macho. Nikasikia kraa. Mwalimu ameshavuta."

Akaitazama ile breki ikiwa uchi, vyuma vitupu, akaishika kwa heshima. Nilifurahi sana, na sioni haya kusema. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, na yeye alikuwa ananitazama mimi, si breki.

Jumanne, 11 Machi

Ugonjwa umeonekana. Waya wa breki unaopita chini ya kapeti mpaka magurudumu ya nyuma umeshika kutu ndani ya gamba lake, na ekseli ndogo ya kishikio haijaonja grisi tangu gari litoke kiwandani. Fundi Polepole kaja na waya mpya jioni, kwa miguu, kwenye mvua, huku akilaumu. Tumefunga pamoja. Nimepaka grisi mpaka kwenye nyusi.

Fundi akavuta, ikapanda tik tik tik, laini kabisa. Mke wangu akaitwa, akavuta kwa vidole viwili, akasema, "Hii ndiyo iliyokuwa inakunyima usingizi?" Nikavuta mimi. Ilipanda pia, ila kwa uzito kidogo. Grisi mpya hukaa hivyo mpaka izoee.

Alhamisi, 13 Machi

Mke wangu kabadilisha vifungo vya mashati yangu yote. Kaweka vikubwa, kama vya koti. Anasema vile vidogo vimepitwa na wakati.

Jumanne, 18 Machi

Tumerudi barabarani. Mkunga anaendesha vizuri kuliko anavyojua. Anaongea na Bi Kiburi kwa sauti ileile anayotumia kazini. "Haya mama, pumua. Taratibu. Sasa sukuma." Na gari, ambalo mimi hulibembeleza asubuhi nzima, likawaka mara ya kwanza. Sikufurahi sana.

Breki imeanza tena kukaza. Ni unyevu. Vyuma na mvua havijawahi kuelewana.

Jumamosi, 22 Machi

Nimefungua kava zote kwa mara ya pili. Sasa najua kila skrubu ilipo, ningeweza kufanya kazi hii nimefumba macho. Waya mzuri. Grisi ipo. Nimeita Fundi, akavuta, akavuta tena.

"Iko laini, bwana."

"Wewe una mikono ya fundi."

"Mkeo je? Naye ana mikono ya fundi?"

Nikamwambia aende akamalizie lori la watu. Nimekaza nati ya waya kidogo, kisha nikailegeza, kisha nikairudisha ilipokuwa. Kava imefungwa tena, ila klipu zilizobaki upande wangu sasa hazishiki. Tukikata kona inabanduka, na kama kona ni ya kushoto redio nayo inaimba.

Alhamisi, 27 Machi

Mke wangu siku hizi ananijazia kikombe nusu. Nimemwuliza kama sukari imeadimika. Kasema chai nusu hupoa haraka, ataongeza nikimaliza.

Jumatano, 2 Aprili

Mkunga kanishangaza leo. Tumesimama kandokando ya uwanja wa mpira kusubiri mvua ipungue, akasema, "Mwalimu, nipe mkono."

"Tumesalimiana asubuhi."

"Nipe tu. Ule wa breki." Akaushika, akaubonyeza hapa katikati ya kidole gumba na kiganja, akanitazama usoni. "Binya mkono wangu. Kwa nguvu."

Nikabinya.

"Nimesema kwa nguvu."

"Mkunga, wewe kazi yako ni kupokea watoto. Walimu wameshazaliwa."

Akacheka, akauachia. Lakini alikuwa na uso ule wa watu wa zahanati wanapokuambia subiri nje kidogo. Nilichukia. Mkono huu umesimamisha magari yaliyokuwa yanaelekea ukutani, mtoni na sokoni. Hauhitaji kubinywabinywa na mwanafunzi.

Jumatano, 9 Aprili

Mara ya tatu. Sitaki kuandika marefu. Kava ya kishikio imepasuka yote upande wangu. Mke wangu kaangalia vipande, kasema atashona ya ngozi, itafungwa kwa vifungo ili "ukitaka kufungua tena wiki ijayo usivunje." Ameshona mchana mmoja. Imekaa vizuri, lazima niseme, imelizunguka lile shimo la breki bila kukunjamana, na vifungo vidogo vyeupe vimepangwa duara. Nimemwuliza katoa wapi vifungo vizuri hivyo. Kasema vilikuwepo.

Breki bado nzito.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua, mvua, mvua. Mkunga kakosa somo, alikuwa na mzazi. Waliletwa kwenye mkokoteni wa magunia, mama na mama mkwe wake na mwavuli. Mtoto mzima. Mkunga kaja jioni na nguo zilezile, kasema, "Mwalimu, nataka hili jambo liishe. Nataka lile turubai litoke."

Alhamisi, 17 Aprili

Nimekaa mezani tangu tuliporudi na sijui nianzie wapi. Nitaanzia pale kilimani.

Ni ile barabara inayoshuka kutoka shule kwenda sokoni, ya mawe, ambayo mtahini huipenda sana. Nilimwambia Mkunga tuishuke kwa gia ya pili. Mvua ilikuwa nyembamba, ya kuudhi tu. Alikuwa anashuka vizuri. Katikati ya mteremko Bi Kiburi akafanya kile anachokifanya siku zote, akazimika. Nikamwambia asiogope, akanyage breki. Akakanyaga, akaachia, akakanyaga tena, mara kadhaa harakaharaka. Gari likizimika pedali huwa laini mara moja au mbili tu, halafu inakuwa jiwe. Hilo nimelifundisha miaka yote, na yeye nilimfundisha, lakini mguu wenye hofu hausikii somo. Pedali ikawa jiwe. Sisi tukawa tunakwenda.

Chini, kutoka uchochoro wa wauza mbao, akatoka mtu na mkokoteni wa magodoro. Alikuwa ameinama anavuta, hatuoni. Gari lililozimika halina sauti.

Sikuogopa. Nataka liandikwe hilo. Nilinyoosha mkono kwenye breki kama nilivyonyoosha siku zote, bila haraka, kwa kuwa kazi hii ni yangu na naiweza. Vidole vikafika. Vikazunguka kishikio. Nikavuta.

Hakikupanda. Si kwamba kilikuwa kizito. Nilikuwa navuta, moyoni nilikuwa navuta kwa nguvu zangu zote, na mkono ulikuwa umekaa pale juu ya chuma umelegea, mpaka vidole vikateleza vyenyewe vikaangukia kwenye kile kitambaa cha ngozi. Nikautazama. Nilipoteza muda kuutazama mkono wangu, jambo ambalo ningemfukuza mwanafunzi kwa kulifanya.

Mkono wa Mkunga ukapita juu ya wangu. Akavuta mara moja, kwa mpangilio, si kwa kukurupuka, na usukani akiwa ameushika sawa kwa mkono mwingine. Kraa. Magurudumu ya nyuma yakaburuzika kwenye mawe, gari likatikisika, likasimama. Godoro la juu kabisa lilikuwa limegusa boneti.

Yule mtu wa mkokoteni akageuka, akatutazama, akalitazama godoro. "Mama," akamwambia Mkunga, "mungenihitaji hospitali, mungenijulisha mapema." Kisha akainama akaendelea kuvuta.

Mkunga akapumua. "Samahani, Mwalimu. Nimeigusa."

Ni mtu gani huomba radhi kwa kuokoa watu watatu? Mwanafunzi wangu, ndiye. Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo.

Akaliwasha gari kwa maneno yake yale matamu, akaliweka pembeni ya ukuta wa shule, akaivuta tena breki mwenyewe. Hakukosea hata kidogo. Hapo ndipo nilipomwuliza.

"Nani kakufundisha kuivuta?"

"Mama."

"Mama yupi?"

"Mkeo, Mwalimu. Mchana ukilala, mimi hupita. Tunakaa humu ndani, gari limezimwa. Yeye anahesabu, mimi navuta, bila kuangalia. Alisema siku mkono wake ukikataa, vuta wewe, usingoje ruhusa."

"Mke wangu hajui kuendesha gari."

"Hajui," akasema Mkunga. "Mkono wako ndio anaoujua."

Nyumbani nilimkuta mke wangu anakunja kitambaa. Nilitaka kuwa na hasira, nilikuwa nimeiandaa njia nzima. Nikamwuliza tangu lini. Akaniambia nikae. Kisha akasema bila kupandisha sauti, huku anakunja, kwamba tangu kabla ya masika alikuwa ananiona naufunga mkono wa shati kwa meno. Kwamba nilikuwa namwaga chai na kulaumu meza. Kwamba siku Fundi alipofunga waya mpya yeye alivuta kwa vidole viwili, nami nikavuta kwa mkono mzima uso ukakunjamana, ndipo akawa na hakika.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Nilibadilisha vifungo, ukaamini ni fasheni. Nilikupunguzia chai, ukauliza sukari. Ningesema kwa mdomo ungefungua kava za mkono wako kwa bisibisi."

Nilicheka. Halafu nikalia, naye akaacha kukunja kitambaa, akaja akakaa karibu. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba katika nyumba hii mimi ndiye ninayeona hatari kabla haijafika. Kumbe alikuwepo mwingine, mwenye mkono kwenye breki siku zote hizo, kimya.

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua imenipa kisingizio. Sijatoka.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimekwenda kukaa ndani ya Bi Kiburi peke yangu, kwenye kiti cha dereva, ambako mkono ulio karibu na breki ni ule mwingine, mzima. Nikavuta. Tik tik tik. Nikashusha, nikavuta tena. Ilikuwa laini tangu mwezi wa tatu. Tulilitengeneza vizuri sana, Fundi na mimi, kazi safi ya kujivunia, na nimelifungua mara mbili zaidi bila sababu gari lisilo na kosa. Nimelipigapiga dashibodi. Limestahili kuombwa radhi.

Hapo ndipo nilipovitazama vile vifungo vyeupe vilivyozunguka kishikio. Ni vya mashati yangu. Vile vidogo.

Jumatano, 23 Aprili

Mkunga kanipeleka kwa daktari wake, shingo upande nikiwa mimi. Ni mshipa wa fahamu uliobanwa, kuanzia shingoni. Miaka ya kukaa nimegeukia upande mmoja, kumtazama mwanafunzi. Kuna mazoezi, kuna dawa. Nguvu inaweza kurudi nusu, inaweza kurudi zaidi, inaweza isirudi. Daktari kasema maneno hayo kwa upole mwingi mpaka nikamwambia anyooshe tu, nimezoea kuwapa watu habari za kushindwa mtihani.

"Basi usiutegemee mkono huo kwa maisha ya mtu," akasema.

Jibu zuri. Nimeliheshimu.

Alhamisi, 24 Aprili

Somo. Kabla Mkunga hajaliwasha gari nimemwambia, "Kuanzia leo miguu ni yako, usukani ni wako, na breki ni yako. Mdomo tu ndio wangu." Nimesema kirahisi. Huko nyuma siku hii ilikuwa na hotuba na kupeana mikono. Leo alinipa mkono yeye, ule wa kushoto, na akajua kwa nini.

Tumeshuka kile kilima mara nyingi mpaka wauza mbao wakaanza kutushangilia. Kila tukifika katikati namwambia zima gari makusudi. Anakanyaga mara moja, anashikilia, anavuta. Mimi nimekalia mikono yangu.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua imepungua. Mazoezi ya kidole yanachosha kuliko kubadilisha gurudumu.

Jumanne, 6 Mei

Mtihani leo. Mtahini ni mtu mnene asiyecheka, namjua miaka mingi, na hajawahi kunisalimu siku ya mtihani. Mimi siruhusiwi kuingia. Nimesimama getini na mke wangu, ambaye alifunga cherehani asubuhi nzima na kusema amekuja kununua uzi. Hapo getini hapauzwi uzi.

Bi Kiburi alikataa kuwaka. Alikataa tena. Nilianza kupiga hatua kuelekea kule, mke wangu akanishika shati kwa nyuma. Tukamwona Mkunga anainama kwenye usukani, midomo inacheza. Mtahini alimgeukia kwa mshangao, nadhani hajawahi kusikia mtahiniwa analiambia gari lisukume. Likawaka. Likatoka getini likiwa na redio kelele juu, maana kona ile ni ya kushoto.

Walirudi kutoka kilimani baada ya muda mrefu. Mtahini akatoka kwa mlango wa mbele, akanijia moja kwa moja.

"Amesimama katikati ya mteremko kama amepigwa msumari," akasema. "Breki hiyo umeifanya nini?"

"Waya mpya na grisi."

"Na ile ngozi yenye vifungo?"

"Muulize mke wangu."

Mkunga alikuwa bado amekaa ndani. Hakulia, alisema yeye huwaachia kulia wengine. Jioni alipita mbele ya nyumba yetu na gari la wagonjwa, turubai limekunjwa kiti cha nyuma, akapiga honi mpaka mtaa mzima ukatoka nje.

Ijumaa, 9 Mei

Jua. Vijana wawili wamekuja kuuliza masomo, nimewaambia warudi mwezi ujao. Hawakuelewa kwa nini. Nilikuwa sijaelewa bado na mimi, lakini nina wazo, na wazo langu kwa kawaida ni zuri.

Jumapili, 11 Mei

Mji huu una utani wake wa zamani, kwamba mke wa mwalimu wa udereva huenda sokoni kwa miguu. Nimecheka utani huo pamoja nao. Nilisema sifundishi mtu wa nyumbani, tutagombana.

Leo baada ya chakula nimemkuta anatia uzi kwenye sindano, nikamwambia nataka kumwuliza kitu.

"Uliza."

"Ukijifunza kuendesha, ukapata leseni, ungekaa kiti changu? Mwanafunzi mbele na wewe kando yake, mkono kwenye breki. Mimi nikae nyuma nipige kelele."

Alimaliza kutia uzi kwanza. "Kiti cha nyuma mlango haufunguki."

"Unafunguka kwa ndani."

"Utatukana watu."

"Hilo ndilo somo lenyewe."

Akatazama dirishani, huko gari lilipo. "Nimekaa dirishani hapa nikingoja uniulize hivyo, mpaka nikadhani nimezeeka," akasema. Alilisema bila lawama. Ningepata nafuu kama angeweka lawama kidogo. Nilimwambia samahani, akasema twende kabla jua halijageuka.

Akakaa kwenye kiti cha dereva, akakivuta mbele, akavuta tena, miguu ikafika. Nikaanza kama ninavyoanza siku zote, miguu ni yako, usukani ni wako. Nikafika pale ambapo husema ile ya tatu. Alikuwa ananitazama.

"Na hii," nikasema, "ishike wewe."

Akaishika kwa vidole viwili, juu tu ya vifungo vyangu, akaishusha. Mimi nikaiweka mikono yote miwili mapajani. Bi Kiburi akawaka mara ya kwanza, bila kubembelezwa na mtu, na sikuwa na chochote cha kushika.

Nikamwambia, "Twende."